Barua ya wazi kwa wakuu wa afya na mabosi wa kazi: tunaomba chumba, saa moja na nesi mmoja

Waheshimiwa mnaosimamia afya, kuanzia wizarani mpaka kwa mganga mkuu wa hospitali, na nyie mabosi wa maofisini na viwandani msijifiche nyuma ya mlango maana hii inawahusu pia. Shikamooni wale mlionizidi umri, wengine habari zenu. Naandika kwa lugha ya kawaida tu kwa sababu ile barua ya kwanza tuliyoiandika kiofisi, yenye "husika na kichwa cha habari hapo juu", ilipigwa muhuri wa kupokelewa na mpaka leo kimya, basi hii ya pili naiweka hadharani kila mtu aisome.

Jambo lenyewe ni kukoma hedhi, yaani menopozi, na hasa ile hofu inayokuja nayo ambayo hamuiulizii.

Wengi wetu hedhi inakoma kati ya miaka 45 na 55, na kitaalamu unahesabiwa umefika ukishamaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zako. Lakini vurugu haisubiri tarehe hiyo, inaanza miaka kadhaa kabla, hedhi bado ipo, inaruka ruka, mara nzito mara matone, na hapo ndo tunachanganyikiwa maana nani atawaza kukoma hedhi wakati bado ananunua pedi. Na wapo, angalau mwanamke 1 katika kila 100, ambao ovari zinaacha kazi kabla hawajafika 40, hao ndo wanafukuzwa kabisa, "wewe bado binti bwana, hii sio yako".

Sasa mwanamke wa umri huo anakuja hospitali. Moyo unamwenda mbio, usingizi umekatika, roho iko juu juu kutwa nzima, analia akiwa jikoni hajui analilia nini, anasahau jina la mtu anayefanya naye kazi kila siku. Anapimwa presha, presha imepanda kidogo (nani asipande, kakaa foleni tangu asubuhi), anaandikiwa kidonge cha presha au cha usingizi, anaambiwa "punguza mawazo mama", anarudi nyumbani. Hedhi haikuulizwa. Mi mwenyewe nimepita humo, nikazungushwa vyumba vingi nikatolewa damu nyingi, na aliyekuja kuniuliza hedhi yangu inakwendaje hakuwa dokta wala nesi, alikuwa mwanamke tuliyekaa naye benchi moja tukisubiri majibu. Yeye na mimi ndo tulianzisha kikundi cha wanawake wanaopitia haya, tunakutana tunaongea.

Siwalaumu madokta wote. Mnajua wenyewe somo hili linafundishwa kwa dakika ngapi vyuoni. Halafu kuna ile habari ya mwaka 2002, wenzetu Marekani walikuwa na utafiti mkubwa unaitwa Women's Health Initiative, ile sehemu ya kuwapa wanawake waliokoma hedhi dawa za homoni, estrojeni pamoja na projestini (ya kutengenezwa, inafanya kazi kama projesteroni ya mwili), ikasimamishwa kabla ya muda kwa sababu saratani ya matiti iliongezeka, na magazeti dunia nzima yakapiga kelele, wanawake wakatupa dawa, madokta wakaacha kuandika. Ongezeko lenyewe lilikuwa kama wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, na wastani wa umri wa wanawake waliokuwa kwenye utafiti ulikuwa miaka 63, yaani wengi hedhi ilishawaaga zamani. Baadaye takwimu zilipochambuliwa upya kwa umri ikaonekana kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, anayesumbuliwa na dalili, mara nyingi faida ya dawa hizo inazidi hatari. Wapo wasiofaa kuzitumia kirahisi, aliyewahi kuugua saratani ya matiti, mwenye historia ya damu kuganda, na mwenye mji wa mimba hapewi estrojeni peke yake, lazima na projesteroni ya kulinda ukuta. Hayo ni mambo ya kukaa na dokta na kuyapima mtu kwa mtu. Tunacholalamikia ni kwamba mpaka leo kuna mahali ukitaja homoni tu unaangaliwa kama umeomba sumu, na mazungumzo yanaishia hapo.

Kwa wale ambao hawajui, hofu hii haitoki hewani. Homoni hazishuki taratibu na kwa adabu, wiki hii estrojeni iko juu sana wiki ijayo iko chini, na estrojeni haifanyi kazi kwenye kizazi tu, inafika mpaka kwenye ubongo, inagusana na serotonini ambayo ndo inabeba mudi ya mtu. Projesteroni nayo ikivunjwa vunjwa mwilini inatoa kitu kinachotuliza ubongo, sasa mwezi ambao yai halikupevuka projesteroni haitengenezwi inavyotakiwa na ule utulivu unapungua. Ongeza joto la usiku. Sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka, mwili ukipanda joto kidogo tu inaona hatari, mishipa inafunguka, jasho linamwagika, moyo unaongeza kasi, mtu anaamka shuka limelowa chapachapa. Wanawake wengi, mpaka 8 katika kila 10, wanayaonja haya majoto, na utafiti wa Marekani uliotoka 2015, uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi, ulikuta kwa wale wanaopata majoto mara kwa mara, nusu yao yanakaa nao zaidi ya miaka 7.4, wanawake weusi ndo yalikaa nao muda mrefu zaidi, zaidi ya miaka 10. Miaka 10 ya usingizi wa vipande vipande! Halafu mtu akiwa na wasiwasi anaambiwa apunguze mawazo.

Sasa niwaambie kinachotokea kwenye kikundi maana najua mnafikiri tunakaa kusengenya waume (hilo nalo lipo, dakika za mwisho).

Mama mmoja alikuja akiwa ameshaamini anakufa. Anasema saa tisa usiku moyo unampiga mpaka anasikia masikioni, anahisi kuna kitu kibaya kinakuja, hajui kitu gani, anatoka kitandani anakwenda kukaa sebuleni taa zote zimewashwa ili asimwamshe mtu. Moyo ulishapimwa, hauna tatizo, ndo akazidi kuogopa, maana sasa labda ni kichwa. Mwenzetu mmoja akamuuliza swali moja tu, "hofu inaanza ndo joto linafuata, au joto linaanza?" Akanyamaza akafikiria. Akasema hofu kwanza, halafu kama nusu dakika hivi, joto kifuani linapanda shingoni. Watatu pale wakanyoosha mikono, hata mimi, hata mimi. Hakuna aliyempa dawa siku hiyo. Lakini alijua kile kitu kinachokuja saa tisa ni kitu cha mwili, kina mwanzo na kina mwisho, kinapita ndani ya dakika chache, na usiku uliofuata kilipokuja alikaa tu kitandani akahesabu pumzi akitoa taratibu kuliko anavyovuta, akaturushia meseji asubuhi kwamba kimekuja kimepita na taa hakuwasha.

Niseme ukweli hapa, kuvuta pumzi hakuondoi joto, wataalamu wameshalipima hilo na halikuonyesha kupunguza idadi ya majoto, tusidanganyane. Kinachopungua ni ile hofu ya kuogopa joto. Na hili la kufundisha akili namna ya kulipokea joto lina ushahidi wake, Uingereza mwaka 2012 kulitoka utafiti unaitwa MENOS 2, wanawake wakakutana kikundi kwa wiki 4 wakifundishwa tiba ya mazungumzo, ile ya kubadilisha unavyowaza na unavyofanya dalili ikija, na kundi jingine wakapewa kitabu wajifunze wenyewe nyumbani, wote majoto yakaacha kuwasumbua kwa kiwango kile cha mwanzo. Mwaka 2020 ukatoka mwingine, wanawake waliotibiwa saratani ya matiti, yaani wale ambao homoni kwao ni shida kuwapa, safari hii kikundi kikaongozwa na manesi waliopewa mafunzo, sio mwanasaikolojia, na bado ikasaidia. Manesi, waheshimiwa. Mnao tayari.

Kingine tunachofanya ni daftari. Kila mtu ana lake, anaandika tarehe, damu ilikuja au haikuja, usingizi ulikatika mara ngapi, joto, hofu, alikunywa nini jioni, kahawa au pombe. Hakuna kipimo cha damu cha kumwambia mwanamke wa zaidi ya miaka 45 kwamba ndo ameanza, homoni zinapanda na kushuka hivyo leo utapata jibu hili kesho lile, kwa hiyo maelezo yake mwenyewe ndo kipimo. Mtu akiingia kwa dokta na kurasa za miezi mitatu dokta anabadilika sura, anavuta kiti. Nimeliona hili kwa macho yangu nikiwa nimemsindikiza mwenzangu, dokta yule yule aliyemwambia apunguze mawazo akaanza kusoma mstari kwa mstari, akaomba kipimo cha tezi ya shingo na cha wingi wa damu kuhakikisha sio kitu kingine, halafu ndo wakaongea dawa.

Maana mara nyingine ni kitu kingine kweli, na hapo ndo tunawahitaji nyie. Tezi ya shingo ikizidi kufanya kazi inaleta jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio vile vile. Damu ikiwa pungufu moyo unadunda. Kwenye kikundi tumekubaliana, mtu damu ikirudi baada ya kumaliza mwaka mzima bila hedhi anakwenda hospitali wiki hiyo hiyo hata kama ni doa, hakuna cha "mi pia ilinitokea ikapita". Kifua kikibana akitembea, akizimia, anakwenda siku hiyo hiyo. Na akisema ameanza kuwaza kutokuwepo duniani hatumwachi peke yake, mmoja anakwenda naye. Hili la mwisho msilichukulie la kuongezea chumvi, uchambuzi uliotoka 2024 uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali ulionyesha wanawake walio kwenye kipindi cha kuelekea kukoma hedhi wana uwezekano wa kama asilimia 40 zaidi wa kupata sonona kuliko walio kabla ya kipindi hicho.

Masharti mengine ya kikundi ni ya kawaida tu. Linalosemwa linabaki. Hakuna kumwambia mtu aache dawa alizoandikiwa. Hakuna "mbona mi sikusumbuka", hiyo sentensi imefukuza wanawake wengi kuliko mnavyodhani. Na hakuna kuuza, hapa nina hasira kidogo mnisamehe, kila wanawake watano wakikusanyika na kuongelea joto anatokea wa sita ana chupa, vidonge vya kusawazisha homoni, unga wa mizizi, chai ya kusafisha kizazi. Jumuiya ya wataalamu wa menopozi ya Amerika Kaskazini kwenye muongozo wake wa 2023 wa tiba zisizo za homoni haikupendekeza virutubisho wala mitishamba kwa majoto, ilipendekeza tiba ya mazungumzo, hipnosisi (mtaalamu anakutuliza akili kwa maneno), na dawa kadhaa za hospitali zikiwemo baadhi ya zile za sonona kwa dozi ndogo. Sasa kama kliniki yenu haitoi hata kimoja kati ya hivyo mnategemea mwenye chupa asipate wateja?

Halafu kuna mambo ambayo yanasemwa kikundini tu. Uke kukauka mpaka tendo la ndoa linakuwa adhabu, mkojo unaotoka ukicheka, UTI inayorudi kila baada ya muda mtu anameza antibayotiki nyingine na nyingine. Tofauti na majoto, hayo yasipotibiwa mara nyingi hayaishi yenyewe, yanazidi. Na dawa yake ipo, krimu au kidonge cha estrojeni cha kuweka ukeni, dozi ndogo sana, kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno. Wanawake wanaishi nalo miaka wakidhani ni uzee. Mwanamke wa miaka 52 anamwambia dokta kijana wa umri wa mwanae kwamba kunamwasha huko chini? Hasemi. Anasema mgongo unauma. Lakini akishalisema kwanza mbele ya wenzake kumi likachekwa, kicheko kizuri, wiki inayofuata analisema kwa dokta bila kupepesa.

Kwa hiyo ombi letu.

Tunaomba chumba. Sasa hivi tunakutana kwenye ofisi ya mwenzetu mmoja watu wakishaondoka, viti havitoshi, wengine wanakaa juu ya maboksi, na kila mlinzi akipita tunashusha sauti. Nyie mna vyumba vya kliniki ya wajawazito vinafungwa mchana vinalala vitupu mpaka kesho yake. Tunataka saa moja, katikati ya wiki, jioni ili wanaofanya kazi waweze kuja. Feni moja ikiwepo tutashukuru, mnajua kwa nini.

Tunaomba nesi mmoja, awe amefundishwa, akae nasi saa hiyo, sio kutusomea slaidi, akae kwenye kiti kama sisi, na kazi yake kubwa iwe mbili, kujibu maswali ya dawa ambayo sisi hatuna haki ya kuyajibu, na kuwa na njia ya kumwingiza mtu moja kwa moja kwa dokta zikionekana zile dalili za hatari nilizotaja, bila kuanza foleni upya na kuhadithia upya kwa kila mlango. Asiwe bosi wa kikundi. Hilo naomba mlielewe vizuri maana nawajua, mkikubali kitu mnakitaka chote, kesho tunasikia kuna mratibu, kuna fomu, kuna tisheti, kuna mgeni rasmi, na wale wanawake waliokuwa wanaongea wanakaa kimya kwa sababu kuna mtu anaandika. Uskoti, mji wa Perth, mwaka 2017 walianzisha kitu kinaitwa Menopause Café, watu wanakaa na kinywaji wanaongea menopozi, hakuna mhadhiri hakuna ajenda, na ikasambaa mbali kutoka hapo. Ilisambaa kwa sababu ni rahisi.

Na msituone sisi ni njia ya kubana bajeti. Najua kuna mtu atasoma hii akiwaza vizuri, wajitibu wenyewe tusinunue jeli za estrojeni. Hapana. Kikundi kinamfikisha mtu kwa dokta akiwa anajua anachosema, akifika dawa haipo basi tumemtembeza bure, na tutarudi kuwaandikia.

Tunaomba pia lile swali, hedhi yako ikoje siku hizi, liwekwe kwenye kila karatasi ya kupokelea mwanamke wa zaidi ya miaka 40 anayekuja na moyo kwenda mbio, usingizi, wasiwasi au sonona. Wino wa mstari mmoja.

Mabosi, zamu yenu. Uingereza mwaka 2022 kamati ya bunge ilipendekeza yafanyike majaribio ya likizo ya menopozi, serikali ikakataa Januari 2023. Mi binafsi likizo hiyo sina hamu nayo sana, kwenye kikundi tumebishana na hatujakubaliana, wengine wanaogopa itafanya mtu asiajiriwe akishafika 45. Tunachokubaliana ni vitu vidogo. Ruhusa ya kutoka kwenye mitingi dakika tano bila kujieleza. Sare ya kazi isiyo ya nailoni. Kiti karibu na dirisha. Mtu aliyekaa macho tangu saa nane usiku aruhusiwe kuingia saa moja baadaye na kufidia jioni. Na acheni ule utani, "mama leo kaamka na homoni zake", hasa ukitoka kwa mtu mwenye sahihi ya kumpandisha au kumshusha cheo, maana nimeona wanawake wenye uzoefu wa miaka mingi wakikataa cheo kikubwa kwa kuogopa kupatwa na joto mbele ya watu, na kampuni ikaandika tu kwamba "hakuonyesha nia".

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 wanawake wa miaka 50 na kuendelea walikuwa asilimia 26 ya wanawake na wasichana wote duniani, wakati miaka 10 kabla ya hapo walikuwa 22, kwa hiyo hata wale mnaosoma hii mkiwa mna miaka thelathini mnajipangia chumba chenu wenyewe.

Nakala ya barua hii nitaipeleka tena kwa mkono mapokezi, na safari hii nitasubiri palepale. Kuhusu chumba hatuhitaji kikao cha kulijadili, sisi wenyewe tutafagia, viti tutarudisha vilivyokuwa, taa tutazima. Mtuambie tu ufunguo unachukuliwa kwa nani na saa ngapi.

Wenu,
Mama mmoja wa kikundi, kwa niaba ya wenzake